SAFU YA CHOMBO NA MSAFIRI
Weusi wa Tairi na Kilichofichika Chini Yake



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu safu yetu imeshuka chini hata ikafika kwenye tairi. Hatukuichagua mada hii kwa kukosa la kusema, bali kwa kuwa limetufika wenyewe.

Miaka miwili iliyopita tulinunua gari la viti saba, lililokwisha kutumika, kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Uingereza. Matairi yake yaling'ara kwa weusi kama ngozi ya mkunga. Baada ya wiki chache weusi ule ulipauka, ikajitokeza rangi ya hudhurungi, nasi tukanunua chupa ya dawa ya kung'arisha, tukapaka. Ikapauka tena, tukapaka tena. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, tabaka juu ya tabaka, bila ya kusugua hata mara moja.

Yafaa ijulikane hudhurungi hiyo inatoka wapi. Tairi hutiwa kiwandani dawa za kulilinda na jua na hewa ya ozoni. Dawa hizo hazitulii ndani ya mpira. Hupanda polepole mpaka juu, zikakutana na hewa, zikageuka rangi. Basi si uchafu wa njia peke yake, ni kama jasho la tairi lenyewe. Dawa ya kung'arisha, hasa ile yenye silikoni, hulinasa jasho hilo pamoja na vumbi la breki na masizi ya barabarani, likawa utando unaonata. Ukipaka dawa mpya juu ya utando huo haishiki vyema. Gari likienda mbio hurushwa matone matone mlangoni.

Mwaka huu tuliafikiana na kijana mmoja wa jamaa zetu, mwenye watoto wanne, aliyewasili karibuni, kwamba atalichukua gari lile. Tukaona si heshima kumpa mtu chombo kichafu. Jioni moja, gari likiwa kivulini na matairi yamekwisha kupoa, tukakunja mikono ya kanzu.

Kazi yenyewe haina siri, ila haitaki haraka. Tairi huoshwa moja moja. Kwanza limwagiwe maji mengi kuondoa mchanga, kisha linyunyiziwe sabuni ya kuondolea mafuta iuzwayo katika maduka ya vifaa vya magari, iliyochanganywa na maji kama chupa yake isemavyo. Iachwe dakika moja au mbili iingie kazini, wala isiachwe ikakauka. Kisha lisuguliwe kwa burashi ngumu ya nailoni, ubavu mzima, na hasa ndani ya maandishi, ambako utando hujificha. Burashi ya waya haifai kabisa. Povu la kwanza litatoka rangi ya chai ya maziwa. Lisuuzwe, linyunyiziwe tena, lisuguliwe tena. Kwetu sisi povu halikubaki jeupe ila mara ya nne, na tairi moja lilitaka mara ya tano. Alama ya pili ni maji: yakisimama vidonge vidonge juu ya mpira, silikoni bado ipo, yakitandaa, mpira umetakata.

Wako wazee wetu waliokuwa wakipangusa tairi kwa mafuta ya taa, au oili chafu ya injini, likang'ara kweli kweli. Tunawaomba radhi, lakini mafuta ya namna hiyo huulegeza mpira na kuuvimbisha. Na maji machafu ya kazi hii yasielekezwe kwenye mfereji wa barabarani, kwani katika nchi hii mingi huishia mtoni bila ya kusafishwa. Mwenye nafasi na aende mahali palipotengenezwa kwa kuoshea magari. Akimaliza, aende polepole na kukanyaga breki mara chache ili zikauke.

Turudi kwenye gari letu. Matairi mawili ya mbele yalitoka mazima. Yale ya nyuma, utando ulipoondoka, tukaona nyufa. Hazikuwa nyufa za kuingiza kidole, bali mistari myembamba iliyozunguka ubavu kama udongo wa kiangazi. Tukatafuta tarehe: baada ya herufi DOT, mwisho wa mstari, huwapo tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yetu yalisomeka 0913, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2013. Kashata ilikuwa bado nzuri. Sheria ya hapa hutaka isipungue milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wa tairi, mzunguko wote, na faini yake yaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 za leseni kwa kila tairi moja. Kuhusu umri, tangu Februari 2021 matairi yaliyopita miaka kumi yamekatazwa kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Kwa gari dogo la familia sheria haikusema hivyo. Kwa hivyo hakuna askari ambaye angetukamata kwa umri wa matairi yale.

Na chupa ya dawa ilikuwa pale pale miguuni, nusu imejaa. Dakika kumi tu, nyufa zisingeonekana, na kesho yake kijana angelipa na kuondoka na watoto wake kwenye njia kuu. Hatusemi kwamba fikra hiyo haikutupitia. Ilitupitia, tukakaa nayo kwenye ngazi ya mlango mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Tulimkumbuka yule mwuza chakula ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya lundo lake sokoni akakuta unyevunyevu chini, na yule bwana akajitetea kwamba ni mvua tu iliyonyesha. Sisi pia tulikuwa na mvua yetu: matairi tuliyakuta hivyo hivyo, aliyetuuzia ndiye aliyeficha. Lakini yeye alificha tusijue, na sisi sasa tulikwisha kujua.

Baada ya sala tukampigia simu. Tukamweleza yote, tukamwambia kuwa matairi mawili mapya ni juu yetu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, mimi nisingeyaona." Tukamjibu, "Ndiyo maana tumekupigia, mwanangu."

Alishikilia kulipa nusu. Tukabishana hadi mama watoto akatuambia simu inakula pesa. Tukakubaliana alipe kuyafungisha tu. Yale ya zamani yalibaki gereji, na chupa tumempa jirani kwa sharti asipake kwenye kashata, maana huteleza.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia betri na baridi ya alfajiri. Wassalaam.