Gari lenye mtoto wa jicho

Wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia, leo siandiki siasa. Naandika kuhusu taa za magari. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa, lakini subirini kwanza.

Pita kwenye maegesho yoyote pale Mwenge au Kariakoo, uangalie taa za mbele za haya magari yetu ya mtumba kutoka Japani. IST, Vitz, Noah, Premio. Taa zimekuwa za njano, zina ukungu, ukizitazama ni kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Mwenye gari ameshazoea. Ameweka rimu za kung'aa, ameweka muziki, kapeti mpya, stika ya timu yake kioo cha nyuma, ila taa ameziacha hivyo hivyo. Ukimuuliza anakujibu, "Mbona zinawaka?"

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Kuwaka ni jambo moja, kuangaza ni jambo jingine. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za magari yaliyotumika kwa miaka mingi. Zile zilizochakaa na kupata ukungu zilikuwa zinatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Asilimia 20! Yaani mwanga mkubwa unaishia hapo hapo kwenye taa, na huo kidogo unaopenya unatawanyika ovyo, mwingine unakwenda kumchoma macho anayekuja mbele yako.

Sasa weka hilo kwenye barabara zetu. Gari likiwa kwenye spidi ya kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke, ukanyage breki, gari lisimame, umeshatumia kama mita 70, na hapo lami ni kavu na matairi ni mazima. Mimi hutoka chumba cha habari usiku, saa tano, wakati mwingine saa sita, na njia ninayopita baada ya taa za barabarani kuisha ina kila aina ya kiumbe: mama anayerudi kutoka genge lake, vijana wanaotoka kuangalia mpira, bodaboda iliyozimika taa, na ikifika alfajiri kuna baiskeli za mkaa zimepakiwa magunia, mwendeshaji amevaa nguo nyeusi, hana hata kibati cha kung'aa nyuma. Huyo wa mkaa ndiye ninayemuwaza zaidi. Yeye hana gari, hana blogu, na uhai wake unategemea usafi wa taa ya mtu asiyemjua.

Tunaita kioo cha taa, lakini kioo si kioo. Zamani kilikuwa kioo kweli. Wale waliopanda Peugeot 504 za baba zao wanakumbuka, taa zile zingeweza kupasuka kwa jiwe lakini hazikuwahi kuwa njano. Marekani iliruhusu taa za mtindo mpya mwaka 1983, na nchi nyingine nazo zikaingia kwenye plastiki. Plastiki yenyewe inaitwa polikaboneti. Ni nyepesi, ni ngumu kupasuka, na unaweza kuifinyanga umbo lolote. Udhaifu wake mkubwa ni jua. Miale ya jua inaila, inaigeuza njano, kwa hiyo kiwandani huipaka utando mgumu wa kuikinga. Utando ule nao una maisha yake. Gari likishalala juani Japani miaka kadhaa, likaja Dar es Salaam kulala juani tena kutwa nzima nje ya ofisi, utando unachoka, unababuka, na plastiki inabaki uchi.

Shikeni neno hilo, uchi, maana ndilo linalowaponza wengi.

Umesimama kwenye foleni, kijana anakuja na kitambaa na kichupa. "Bosi, taa zako zimekufa hizo, nikuamshie? Buku kumi tu." Anasugua dakika tano, taa inang'aa, unampa hela unaondoka unacheka peke yako. Baada ya wiki chache ukungu umerudi. Simlaumu kijana, anatafuta riziki, na kwa kweli kaondoa uchafu aliouahidi. Lakini hakurudisha utando. Na kama utando uliobaki ameukwangua wote, basi ameiacha plastiki bila kinga kabisa, na jua linaimaliza haraka kuliko mwanzo.

Dawa ya meno ni hadithi hiyo hiyo. Inafanya kazi, sikatai, kwa sababu ndani yake kuna chembechembe laini za kusugulia. Itatoa ukungu mwepesi wa juu. Haitatoa njano iliyokomaa, na haina kinga yoyote ya jua. Ile mbaya zaidi ni dawa ya kupaka ya mbu. Kuna watu wanaisifia kweli kweli. Dawa zile zenye DEET zinayeyusha ngozi ya juu ya plastiki, ndiyo maana inaonekana kama imekuwa mpya palepale. Unafurahi kumbe unaiunguza. Thina, petroli na asetoni msizisogeze kabisa, zinaipasua polikaboneti nyufa ndogo ndogo ambazo hakuna msasa utakaozitoa.

Mimi nasema fanya mwenyewe nyumbani, ila ufanye mpaka mwisho. Nimefanya kwenye IST ya kaka yangu, kwa mkono tu, bila mashine, na kazi ilikula asubuhi moja.

Kabla ya kununua chochote mwagia taa maji. Ikionekana safi ikiwa imelowa, ugonjwa uko nje na unatibika. Ikibaki na ukungu vilevile, au ukiona matone ya maji na nyufa kwa ndani, usijisumbue kusugua. Kisha osha kwa sabuni, bandika selotepu ya karatasi kuzunguka taa yote, mizunguko miwili au mitatu, maana msasa ukigusa rangi ya bodi utaanza kuandika blogu ya kwako.

Msasa ni ule wa maji. Anza na namba 800, kama taa imeharibika sana 600, halafu 1500, halafu 2000. Maji yawepo muda wote, na tone la sabuni ndani. Namba ya kwanza ndiyo yenye kazi: utaona maji ya njano yanachuruzika, huo ni utando wa zamani unatoka. Usihame mpaka maji yawe meupe na taa yote iwe na ukungu wa aina moja bila mabaka. Hapa ndipo watu wengi huogopa na kuacha, kwa sababu taa inaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Tulia. Ukibadilisha namba badilisha na upande wa kusugua, kama ulikwenda kushoto na kulia sasa panda juu na chini, ili uone mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha kweli. Kwenye gari la kaka taa ya kulia ilikubali haraka, ya kushoto ilinitoa jasho, nadhani ndiyo iliyokuwa inatazama jua pale anapoegesha. (Na ile namba ya gari aliyochorwa kwenye taa kwa ajili ya wezi haikutoka hata kidogo, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.)

Halafu kinga, ambayo kwangu ndiyo kazi yenyewe. Futa kwa spiriti, acha ikauke, usiguse tena kwa vidole. Sasa ipigwe klia ya magari yenye kinga ya jua, ile inayochanganywa na hadina, tabaka mbili au tatu nyepesi. Ile mikwaruzo laini ya 2000 klia inaifunika yenyewe. Hadina ina sumu kwenye pumzi, barakoa ya kitambaa haisaidii, kwa hiyo kama huna vifaa vya kujikinga peleka kwa fundi wa rangi akupulizie hizo taa mbili tu. Ukisugua mwenyewe umemwondolea kazi kubwa, na bei inakuwa ya kuongeleka. Chagua asubuhi kavu, siyo siku ya manyunyu. Ikifanywa hivyo unaweza kukaa mwaka na zaidi. Ukitaka njia rahisi zipo kinga za kupaka kwa kitambaa. Kwa hizo endelea na msasa wa 3000 na kompaundi ya kung'arishia mpaka taa iwe angavu, ndipo upake, na ujue utarudia baada ya miezi.

Haitakuwa mpya. Hao hao AAA waliona taa iliyosuguliwa inarudi kwenye kama asilimia 70. Lakini kutoka 20 mpaka 70, jamani!

Kuna wenzetu wameamua kutatua kwa balbu. Taa ina ukungu, anatafuta balbu kali zaidi, ya wati 100 badala ya 55 au 60, au hizi za LED zenye mwanga wa bluu. Mwanga ukiwa mkali nyuma ya kioo chenye ukungu, ukungu wenyewe ndio unaowaka. Yeye haoni mbali zaidi, ila sisi tunaokuja mbele tunapofuka. Na joto la hiyo balbu ya wati 100 linaichosha plastiki kwa ndani. Huu kwangu ni ubinafsi, na nautamka hivyo hivyo.

Wengine watasema nunua taa nyingine. Sawa, kama unayo hela na taa ni mpya kweli. Taa ya mtumba pale kwenye spea mara nyingi ina umri sawa na ya kwako, imeng'arishwa tu jana. Na ikiwa na alama ya kitu kilichokwanguliwa pembeni, huenda ni namba ya gari la jirani yako.

Jumamosi hii namsaidia jirani mwenye Noah. Taa zake ni kubwa mara mbili ya zile za IST, na nimeshamwambia wazi: ya kushoto yako, ya kulia yangu, na msasa analeta yeye.