Sikio la Mtoto Halingoji Toleo la Pili

Leo nina ugomvi na watu wa fani yangu. Kuna maneno ambayo sisi waandishi wa programu tunapenda kuyatamka: "Ubongo ni kompyuta tu. Mtoto anazaliwa na mashine tayari, lugha ni programu, utaisakinisha wakati wowote." Tangu mitandao ya neva ya kompyuta ianze kuandika insha na kuchora picha, maneno haya yamezidi. Nasema ni upuuzi, tena upuuzi wenye madhara. Nitaeleza kwa jambo moja tu: jinsi seli za neva za usikivu zinavyoungana.

Chukua Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, mkabala na kisiwa cha Kiwayu, Lamu Mashariki. Simama ufukweni usiku, boti ipite gizani. Huioni, lakini utanyosha kidole pale pale ilipo. Umejuaje? Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Ikitoka kushoto, hufika sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia. Kwa kichwa cha mtu mzima, tofauti kubwa kabisa ni kama mikrosekunde 600 hadi 700. Haifiki hata milisekunde 1! Na mtu mwenye masikio mazuri anaweza kutambua tofauti ya mikrosekunde 10 hivi. Sasa linganisha na kipima muda cha JavaScript kwenye kivinjari chako: ukikipanga mfululizo, hakishuki chini ya milisekunde 4.

Siri iko kwenye maungio. Ndani ya koklea, kile kijumba cha sikio la ndani kilichojisokota kama konokono, kuna seli za nywele za ndani zipatazo 3,500 zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara. Nyuzi za neva kama 30,000 huzibeba ishara hizo hadi kwenye shina la ubongo. Huko kuna maungio makubwa ajabu. Mojawapo linaikumbatia seli inayofuata kama kiganja kilichoshika yai. Mjerumani Hans Held alilieleza mwaka 1893, na hadi leo linaitwa kikombe cha Held. Lina mamia ya milango ya kumwaga kemikali, ili ishara isichelewe wala isipotee njiani.

Nani aliyechora ramani hii? Jeni huonyesha njia kwa ujumla, lakini hazimalizi kazi. Kwa panya wachanga, seli moja huanza kwa kuguswa na nyuzi kadhaa. Nyuzi zinashindana, na ndani ya siku chache mmoja unabaki na kikombe chake, wengine wanajiondoa. Tena mwaka 2007 Nicolas Tritsch, Dwight Bergles na wenzao walionyesha kwamba koklea ya panya hurusha ishara zenyewe kabla mnyama hajaanza kusikia. Yaani mashine inajijenga huku ikitumika. Uko wapi hapo mpaka kati ya mashine na programu? Haupo. Matumizi ndiyo ujenzi.

Na ishara zikikosekana? Paka waliozaliwa viziwi wana maungio yenye kasoro kwenye njia hiyo. Mwaka 2005 David Ryugo na wenzake walitangaza kwamba paka wachanga waliowekewa sikio la kielektroniki kwa miezi kadhaa walipata maungio yanayokaribia ya kawaida. Kwa watoto wa binadamu, Anu Sharma na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba waliowekewa kifaa hicho kabla ya miaka 3 na nusu hivi, ubongo wao uliitikia sauti kwa wakati unaofaa. Waliokizidi miaka 7, wengi haukuitikia hivyo.

Najua mtaniambia ubongo hujirekebisha hata uzeeni. Kweli, hujirekebisha. Lakini kurekebisha nyumba si sawa na kumwaga msingi.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mama anaambiwa, "Ngoja tu, atasema. Hata babake alichelewa." Wataalamu wa usikivu wana kanuni nyepesi: mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, msaada uanze kabla ya miezi 6. Kifaa cha kwanza ni cha kushika mkononi. Kinatia mlio sikioni na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka koklea, mwangwi alioutangaza David Kemp mwaka 1978. Ni kazi ya dakika chache. Cha pili hupima umeme wa neva na shina la ubongo katika milisekunde 10 za kwanza baada ya mlio. Vinahitajika vyote viwili, kwa sababu mwangwi unaweza kuwa mzima na muungano na neva ukawa mbovu.

Sasa rudi Mkokoni. Kumwambia mama apande boti hadi Lamu mjini kwa kipimo cha dakika chache, msimu wa kusi bahari ikichafuka, ni sawa na kumwambia asiende. Lakini ratiba ya chanjo ya Kenya tayari inamtaka alete mtoto kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Basi kifaa kimfuate mtoto siku hizo hizo! Hata aliyekosa mwezi wa kwanza atapatikana mapema.

Na msinielewe vibaya, kiziwi si kompyuta mbovu. Lugha ya Ishara ya Kenya imo kwenye Katiba ya 2010, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sikio la kielektroniki ni ghali, lakini ishara za mikono familia inaweza kuanza kujifunza mara mtoto anapogunduliwa. Anayedhulumiwa ni yule anayecheleweshwa sauti na ishara zote mbili, kwa sababu mtu fulani aliamini lugha ni programu ya kusakinisha baadaye.

Waandishi wenzangu wa programu, kazi ipo: rekodi za kliniki zinazofanya kazi bila intaneti, ujumbe wa simu wa kumkumbusha mama kurudi. Tuifanye. Anayebisha na abishe, ila aje na hoja, asije na mfano wa kompyuta.