Ushinde Mahakamani, Ushindwe Bungeni

Mwaka 1960, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi, wapiga kura wa Mbulu, Tanganyika, walifanya jambo ambalo leo Katiba yetu inalikataza. TANU, chama kilichodai Uhuru, iliwaletea mgombea wake. Wao wakamtaka Herman Sarwatt, mwana-TANU ambaye chama hakikumpitisha. Sarwatt akasimama kama mgombea binafsi, akashinda. Kati ya viti 71 vya uchaguzi ule, TANU ilichukua 70. Kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Nchi haikupasuka, na Uhuru ulikuja mwaka uliofuata.

Mjukuu wa mpiga kura yule leo hana haki ile. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, Katiba inasema hugombei urais wala ubunge bila kudhaminiwa na chama. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 20, inapiga marufuku kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Mkono mmoja unakuambia uko huru, mwingine unakufungia mlango.

Mchungaji Christopher Mtikila aliuona mkanganyiko huo mapema. Chama chake cha DP kilinyimwa usajili kwa sababu hakikuutambua Muungano, naye akaenda mahakamani kudai asimame bila chama. Sikuwa shabiki wake. Ulimi wake ulichoma watu wasiostahili kuchomwa. Lakini haki inayotolewa kwa wapole peke yao si haki, ni zawadi ya tabia njema.

Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akampa ushindi. Serikali iliyoheshimu sheria ingengoja rufaa au ingetii. Yetu haikuona haja ya kungoja: muswada wa kubadili Katiba ulikwishapelekwa bungeni kabla hukumu haijasomwa. Mwaka haukuisha, Bunge likaupitisha. Ibara ya 21, iliyompa kila raia haki ya kushiriki utawala wa nchi yake, ikawekewa kufuli la Ibara za 39, 47 na 67, yaani zilezile zenye sharti la chama. Umeshinda kesi Jumatatu, Jumanne haki uliyoishinda haipo tena kwenye kitabu.

Mwalimu Nyerere, aliyekwishang'atuka urais, aliliona hilo na akalikemea kwa maandishi. Alijua kwamba anayeruhusiwa kukata kipande kimoja cha haki za raia hatakosa kisu cha kukata kinachofuata.

Mtikila hakuchoka. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hili ni suala la kisiasa, liachiwe Bunge. Bunge lipi? Lile ambalo kila mbunge wake aliingia kwa tiketi ya chama! Kesi ya ngedere ikapelekwa kwa nyani, tukaambiwa huo ndio utaratibu.

Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 akashinda mara ya tatu: Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika, irekebishe sheria zake. Haikurekebisha. Mtikila alikufa ajalini Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi, na karatasi za kura za mwaka ule hazikuwa na jina hata moja la mgombea binafsi. Novemba 2019 serikali ikaondoa ridhaa yake ya raia na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, mahakama iliyo kwenye ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1994 walibadili sheria. Safari hii waliufunga mlango wa mahakama.

Nawasikia watetezi. Wanasema wagombea binafsi wataleta ukabila na matajiri watanunua majimbo. Je, kura za maoni ndani ya vyama hatuzijui? Bahasha haziijui njia ya nyumbani kwa mjumbe? Kenya inawaruhusu, Uganda inawaruhusu, hata Rwanda inawaruhusu. Ukabila wao, kama upo, haukuzaliwa na mgombea binafsi.

Wanasema pia kwamba Bunge ni sauti ya wananchi, na majaji wasiochaguliwa na mtu wasilipinge. Hoja hii ina sura nzuri na moyo mbovu. Matakwa ya mpiga kura hayaanzi kwenye sanduku. Yanaanza pale inapoamuliwa nani aandikwe kwenye karatasi. Ukishaichuja orodha, kisha ukahesabu kura kwa uaminifu wa malaika, bado umenichagulia.

Tuliyaona hayo mwaka 2025. Chadema ilizuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa kwenye mbio za urais. Sizungumzii hapa nani alikosea kanuni gani. Nasema hivi: pale ambapo chama ndicho mlango pekee, anayeshika ufunguo wa vyama ameshika ufunguo wa kura zote. Ukikizuia chama kimoja, umewazuia mamilioni waliotaka kukichagua, na hawana dirisha la kupitia.

Kwa hiyo msituambie mambo haya yanahitaji muda. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na chama tawala kinazo na kuzidi. Hakuna uchunguzi wa kufanya wala tume ya kuunda. Majaji wamekwishaifanya kazi hiyo Dodoma, Dar es Salaam na Arusha. Kumnyima Mtikila haki yake mwaka 1994 hakukumaliza hata miezi mitatu. Waheshimiwa, irudisheni kwa mwendo uleule mlioiondoa nao.