Bustani Ipimwe Mwezi Machi

Pita barabara ya Diani kaskazi inapokaribia kwisha, Februari kuelekea Machi, na utaona mipira ya maji imelazwa kwenye ukoka tangu alfajiri. Uliza sababu, utajibiwa kwamba huu ni wakati wa ukame na bila maji hakuna ua. Wenye nyumba wanaamini hivyo, mameneja wa hoteli vilevile, na hata wauza miche wa Ukunda, ambao nilidhani watakuwa na neno tofauti, hukuuzia mche kwa sharti la kuunywesha kila jioni. Mimi siafiki. Mimea mingi inayoipamba Pwani mwishoni mwa kiangazi hunyimwa maua na maji hayohayo.

Chukua waridi la jangwani. Shina lake la kijivu limevimba chini kama chupa, na humo ndimo linamoweka akiba ya maji. Kwao ni nchi kavu, kama nyika ya Taru huko nyuma ya Kinango. Jua likikaza, majani hupukutika, kisha kwenye ncha za matawi yaliyo uchi hufunguka maua mekundu au ya waridi, meupe kuelekea katikati. Mwezi Machi nimeona miche miwili ya aina hii katika kiwanja kimoja cha Diani. Mmoja ulikuwa kando ya ukoka, unapata maji kila siku: majani tele yanayong'aa, ua hata moja hakuna, na shina ukilibonyeza kwa kidole linabonyea, dalili ya kuoza. Wa pili ulisahauliwa pembeni, juu ya mwamba, na matawi yake yalikuwa yamejaa maua. Aliyeusahau ndiye aliyeutunza.

Mwamba-ngoma nao hufuata mwendo huo. Huvua majani yote wakati wa ukame, halafu hutoa mashada mekundu ambayo ndege chozi huyaona kutoka mbali kwa kuwa hakuna jani la kuyaficha. Msanapiti pia huanza kuchanua ungali mtupu. Hata bogenvilia, ambayo kila mtu huipenda, ukiizidishia maji na mbolea hukupa majani mabichi na miba, basi. Mimea hii haichanui kwa kuushinda ukame. Ukame ndio unaoiambia ichanue.

Kinachodai maji ni ukoka. Udongo wa Diani na Tiwi ni tabaka jembamba juu ya mwamba wa matumbawe, hauhifadhi maji, na mizizi ya ukoka ni mifupi. Mti wa kienyeji hupenyeza mizizi yake kwenye nyufa za mwamba kutafuta unyevu, ukoka hukungoja wewe. Wewe nawe unachota kisimani, na visima vya karibu na ufuo vikichotwa mno huvuta maji ya bahari, hata yakawa ya chumvi. Ndipo mtu anapomwagilia chumvi na kushangaa mbona bustani inanyauka. Mwenye kisima cha namna hiyo angepanda mtakawa, mti wa ufukweni usioogopa chumvi, ambao ua lake ni la manjano asubuhi na jioni limegeuka wekundu wa kufifia.

Wengine watasema kwamba mimea ya kwetu ni pori tu, haina mpangilio. Waende Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Watafungwa kaniki nyeusi kiunoni, wataingia na mwenyeji wao, na hawataruhusiwa kutoka na hata jani, maana huo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na tangu 2008 umo katika Urithi wa Dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Humo kuna kivuli hata kaskazi ikiwa kali. Na Kaya Kinondo haina wa kuimwagilia. Diani yote ilikuwa msitu wa aina hiyo kabla ya viwanja kufyekwa. Mabaki ya msitu wa Jadini ndiyo wanamokimbilia mbega, wale Wadigo wanaowaita kuluzu, na kwa kuwa msitu umekatikakatika imebidi wafungiwe ngazi za kamba juu ya barabara wasigongwe na magari.

Sisemi kila cha kienyeji ni kizuri na cha kigeni kibaya. Msanapiti na bogenvilia zilitoka Amerika. Mwarobaini umetoka upande wa India, unastahimili ukame kuliko mingi, na sasa unajipenyeza misituni bila kualikwa, kwa hiyo kustahimili peke yake hakutoshi.

Hoja nzito zaidi ni ya hoteli: Desemba hadi Machi ndio msimu wa wageni, na mgeni anataka kijani. Labda. Lakini wageni hao wametoka nchi ambazo watu hufunga safari kwenda kutazama majani yakigeuka rangi kabla ya kuanguka. Sisi tuna mkungu. Wakati wa ukame majani yake mapana huwa ya manjano, ya shaba, mengine mekundu kabisa, na huanguka siku baada ya siku. Asubuhi mapema, kabla mgeni hajaamka, yanafagiwa na kuchomwa kama taka.

Basi kabla masika hayajaingia, zunguka kiwanja chako na cha jirani, utazame ni kipi kimechanua bila mpira wa maji. Hicho ndicho cha kupanda. Waridi la jangwani linunue kwa aliyeliotesha kwa mbegu, si kwa anayeling'oa porini, na ulipande mbali na watoto na mbuzi: utomvu wake ni sumu, na wawindaji waliutumia kupaka mishale.