Kompyuta ya bei ghali: Mnunuzi analipia uimara au jina?

KOMPYUTA si anasa tena kwa mwenye duka la pembejeo, kwa chama cha msingi kinachopima korosho au kahawa, wala kwa mfugaji wa kuku anayetunza hesabu za chakula na chanjo. Tatizo linaanza siku ya kununua. Mezani zinawekwa mashine mbili zenye kasi sawa na nafasi sawa ya kuhifadhi kumbukumbu, moja ikiuzwa karibu mara mbili ya nyenzake. Muuzaji akiulizwa sababu hujibu kwa maneno machache: "Hii ni jina, haifi."

Tofauti hiyo ya bei ni mifuko kadhaa ya mbolea au mzigo mzima wa vifaranga. Kwa mtu wa mtaji mdogo si fedha ya kutoa kwa sababu ya neno la muuzaji, na ndiyo maana madai ya uimara yanapaswa kupimwa kama inavyopimwa mbegu: kwa matokeo yake shambani, si kwa picha iliyo kwenye mfuko.

Mfano mzuri wa kupimia jambo hili ni ThinkPad, kompyuta mpakato nyeusi zilizobuniwa na kampuni ya IBM ya Marekani na kuingia sokoni mwaka 1992. Moja ya mashine za kwanza, 700C, iliuzwa kwa dola 4,350, bei ambayo hata huko Marekani haikuwa ya mfanyakazi wa kawaida. Wanunuzi wakubwa walikuwa makampuni na serikali. Desemba 1993, ThinkPad 750 ilisafiri angani na chombo cha Endeavour kilichokwenda kukarabati darubini ya Hubble. Sifa ya uimara ilijengwa hivyo, na haikuwa ya bure. Bawaba za kioo zilikuwa za chuma, na baadaye kibodi za mashine nyingi ziliwekewa mifereji ya kupitisha maji yaliyomwagika. Vitabu vya matengenezo vilitolewa wazi, vikionyesha skurubu moja baada ya nyingine, hivyo fundi yeyote mwenye bisibisi aliweza kubadili kibodi au diski bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa mashine za namna hiyo, bei ya juu ilikuwa na maelezo. Mnunuzi alilipia chuma, vipuri na kitabu cha fundi.

Lakini majina ya biashara huuzwa kama vile mashamba yanavyouzwa. Desemba 2004 IBM ilitangaza kuuza biashara yake ya kompyuta binafsi kwa Lenovo ya China, na mauzo hayo yakakamilika Mei 2005. ThinkPad ziliendelea kutengenezwa, na nyingi zilibaki kuwa mashine nzuri za kazi. Pembeni yake, hata hivyo, Lenovo iliuza kompyuta nyingine nyingi za bei nafuu kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Hapo ndipo mnunuzi wa kawaida alipoanza kuchanganywa, maana jina la kampuni juu ya kifuniko likawa moja, wakati mashine zilizo ndani ni za daraja tofauti kabisa.

Mwaka 2009 kampuni ya SquareTrade ya Marekani ilitoa takwimu za kompyuta mpakato zaidi ya 30,000 zilizokuwa chini ya dhamana zake. Lenovo kwa ujumla wake ilishika nafasi ya sita kati ya kampuni tisa, ikiwa na kiwango cha kuharibika cha asilimia 21.5 katika miaka mitatu. Asus, ambayo wakati huo ilionekana ni kompyuta ya watu wa kipato cha kati, ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 15.6. Toshiba ilifuata kwa asilimia 15.7, Sony 16.8, na Apple, iliyojulikana kwa bei zake za juu, ilikuwa ya nne kwa asilimia 17.4. Ikumbukwe kwamba SquareTrade yenyewe huuza dhamana, na mwuza dhamana hana hasara watu wakiogopa kompyuta zao kuharibika. Pamoja na hayo, takwimu zake zilitokana na mashine halisi zilizoletwa kutengenezwa, si maoni ya watu.

Takwimu hizo zina jambo jingine ambalo linamhusu zaidi mfanyabiashara mdogo. Kompyuta mpakato za zaidi ya dola 1,000 ziliharibika kwa asilimia 4.2 katika mwaka wa kwanza. Zile za kati ya dola 400 na 1,000 ziliharibika kwa asilimia 4.7. Yaani kati ya mashine 200, tofauti ya ghali na nafuu ilikuwa mashine moja. Vile vidogo vya bei ya chini kabisa ndivyo vilivyoachwa mbali kidogo, kwa asilimia 5.8. Anayelipa mara mbili kwa kuamini kwamba ananunua uimara mara mbili, hesabu hizo hazimuungi mkono.

Bei ya juu haijawahi pia kuwa kinga dhidi ya kosa la kiwandani. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kushughulikia kompyuta za mezani za ofisini zilizokuwa na kapasita zinazovimba na kuvuja. Apple nayo, kuanzia mwaka 2015, iliweka kwenye kompyuta zake mpakato kibodi nyembamba ambayo chembe ya vumbi iliweza kuikwamisha. Mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Kama vumbi la ofisi za California lilitosha kuikwamisha kibodi hiyo, mwenye ghala la mahindi ajue la kutarajia.

Sifa za kampuni nazo hazidumu kama mashine zinavyodumu. Sony, iliyokuwa ya tatu katika orodha ile, iliuza biashara yake ya kompyuta mwaka 2014. Toshiba, ya pili, iliuza sehemu kubwa ya biashara hiyo kwa Sharp mwaka 2018 na kujitoa kabisa mwaka 2020. Bado wapo wanaoshauriana dukani kwa kutumia sifa za miaka ile.

Je, ina maana kila kompyuta ghali ni wizi? Hapana. Swali la kujiuliza ni hasara gani inapatikana mashine ikilala siku tano. Kwa mwenye duka anayeandika mauzo jioni, daftari litamvusha. Kwa chama cha msingi kilicho katikati ya msimu, chenye malipo ya mamia ya wakulima ndani ya mashine moja, siku tano ni ugomvi na pengine ni kuitisha mkutano. Huyo ana sababu ya kulipa zaidi, lakini alipie vitu vinavyoonekana: dhamana ya miaka mitatu badala ya mmoja, fundi aliye katika mji wa karibu, na vipuri vinavyopatikana bila kuagizwa ng'ambo. Jina kubwa ambalo chaja yake inasubiriwa wiki tatu ni jina tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa mashine ya shilingi 600,000 inayodumu miaka miwili, na nyingine ya shilingi 1,200,000 inayodumu mitano. Ya kwanza inagharimu shilingi 300,000 kwa mwaka, ya pili 240,000. Hapo ghali imeshinda. Lakini ile ya pili ikidumu miaka minne tu zimelingana, na mwenye mtaji mdogo ameifunga shilingi 600,000 ambayo ingezunguka dukani miaka miwili ya mwanzo. Kinachoamua ni miaka, na miaka hiyo mara nyingi inategemea mazingira kuliko nembo.

Katika takwimu zile zile za 2009, karibu theluthi moja ya mashine ziliharibika katika miaka mitatu, na theluthi moja ya hizo ziliharibiwa kwa ajali: kuangushwa, kumwagiwa kinywaji na mfano wa hayo. Huku kwetu ongeza vumbi na umeme unaokatika kisha kurudi kwa kishindo. Kompyuta mpakato ina nafuu kwa sababu betri yake inaibeba umeme unapokatika. Ya mezani isiyo na kifaa cha UPS huzimika hapo hapo, wakati mwingine faili likiwa limeandikwa nusu. Sehemu ya fedha ya jina ikinunua UPS, mfuniko wa vumbi na diski ya nje ya kunakilia kumbukumbu, mashine ya kawaida itapata ulinzi ambao nembo haitoi.

Kuna njia ya tatu, ambayo wengi wanaijua kwa kuwa ndiyo inayojaza maduka ya mijini: mtumba wa mashine za kazi. Makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba hubadili kompyuta baada ya miaka mitatu au minne, na ThinkPad na wenzake wa daraja hilo huuzwa upya kwa sehemu ndogo ya bei ya mwanzo. Mara nyingi hizi zina thamani kuliko mpya ya bei hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa plastiki nyepesi. Lakini kununua bila kukagua ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kwanza, iwashwe na kuingia kwenye mipangilio ya ndani kabla ya kulipa. ThinkPad iliyofungwa kwa neno la siri la msimamizi haifunguki kirahisi, na njia rasmi ya kuiokoa ni kubadili bodi kuu, gharama inayoweza kukaribia bei ya mashine. Betri ijaribiwe bila chaja kwa nusu saa, muuzaji akinuna anune. Jambo kubwa zaidi kwa sasa ni umri: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi hudai prosesa za Intel za kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache. Mashine nyingi za kabla ya 2018 zinazosifiwa kwa uimara haziwezi kufuata njia hiyo. Chuma kizima, programu imeachwa nyuma.

Ni vema pia kuangalia kumbukumbu ya RAM. Baadhi ya ThinkPad nyembamba za miaka ya karibuni zimegandishwa RAM kwenye bodi, haziongezwi wala kubadilishwa. Sifa ya kufunguka na kutengenezeka, iliyowafanya watu walipie jina hilo, haiko sawa katika kila mashine inayolibeba leo.

Wauzaji nao wana wajibu. Anayetaka bei ya juu kwa sababu ya uimara auandike uimara huo kwenye risiti: jina kamili la modeli, namba ya mashine, mpya au mtumba, na dhamana ni ya muda gani na inatolewa na nani, yeye au kiwanda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Malalamiko bila maandishi ni vigumu kuyasikiliza. Muuzaji anayesema mashine yake haifi, kisha akakataa kuandika hata miezi sita, amekwisha kumjibu mteja kuhusu bei.