Msiisingizie Ladha

Kuna kauli imeota mizizi mjini hata anayeitoa hategemei kubishiwa: sinema imekufa kwa sababu siku hizi kila mtu ana ladha yake. Baba yuko na Wahindi, kijana wa kiume anataka ngumi na risasi, dada yake kazama kwa Wakorea, mama habanduki kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hawa utawakusanyaje mbele ya pazia moja? Basi kila mmoja na simu yake, ukumbi ugeuzwe ghala au kanisa, yaishe. Nimeisikia kauli hii kwa wenye majengo, kwa maofisa wa utamaduni, na kwa watengeneza filamu wenyewe, ambao walipaswa kuwa wa kwanza kuirudisha ilikotoka.

Ni kauli ya uongo, na kuna watu inawafaa.

Wanaoisema huzungumza kana kwamba babu na bibi zetu walizaliwa na ladha moja. Itazame Unguja ya miaka ya 1950. Ukumbi wa Majestic ulifunguliwa 1955 palepale ulipokuwa Royal, uliojengwa 1921 na baadaye kuteketea kwa moto. Mji ule ulikuwa na Waswahili, Wahindi, Waarabu na Wangazija, na kila nyumba ilikuwa na lake. Walikuwapo waliofuata filamu za Misri kwa ajili ya nyimbo. Walikuwapo vijana wa makauboi. Walikuwapo waliolia na Raj Kapoor katika Awara, filamu ya 1951, na wakarudi kuilipia ili walie tena. Jumapili ilikuwa siku ya Kihindi: familia nzima imejipamba, tiketi zinalanguliwa nje. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, zanana, ili mwenye kujisitiri naye asikose. Miaka ya 1970 akaja Bruce Lee, na vichochoro vikajaa watoto wanaorusha mateke.

Mpenzi wa Raj Kapoor na mpenzi wa Bruce Lee walikalia kiti kilekile, kwa siku tofauti. Ukumbi uliishi kwa zamu. Mwenye sinema asiyejua mtaa wake unataka nini Jumatano na nini Jumapili alifilisika, na alistahili.

Wataniambia: sawa, lakini wale hawakuwa na skrini nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi 1973, mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika, na foleni za sinema hazikutawanyika. Bara ndiko kwenye kichekesho. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza kurusha matangazo 1994, na kufikia hapo kumbi nyingi za bara zilikuwa zimeshachoka, viti vimechanika, mashine zinakohoa. Ziliuawa na televisheni ipi? Video ilikuwa na mkono wake, sikatai. Waliomudu deki waliwageuza majirani kuwa watazamaji. Lakini tazama kilichotangulia. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, ikaja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikakauka. Nchi iliyokuwa ikipanga foleni ya sukari na sabuni haikuwa na dola za kununulia filamu mpya, basi nakala zilezile zikazungushwa mikoani mpaka picha ikawa mvua ya mikwaruzo. Mtu aliyekataa kulipia filamu aliyokwisha kuiona mara nne hakuwa amebadili ladha. Alikuwa na akili timamu.

Na mahali palipokuwa Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966, leo upo ubalozi wa Marekani. Hapo napo hakuna aliyeulizwa anapenda filamu gani.

Ukitaka kujua watu wanapenda nini, achana na semina. Simama mbele ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, chochote cha uswahilini saa nane mchana. Mlangoni pana ubao ulioandikwa kwa chaki: saa nane muvi ya kutafsiriwa, saa kumi na moja Kichina, saa moja Kihindi, saa nne mechi ya Uingereza. Ndani ni mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, turubai jeusi la kuzuia jua, na feni moja inayowapepea waliokaa mbele tu. Kiingilio jero. Sauti ya mfasiri, yaani DJ, inamfunika mwigizaji. Mzungu akichomoa bastola, DJ anamsuta yeye na ukoo wake kwa Kiswahili cha Manzese, na benchi zima linaangua kicheko. Lufufu alijipatia jina kubwa Tanzania kwa kazi hiyo, Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda mafundi hao huitwa VJ na kila mmoja ana mashabiki wake. Kijana aliyekuja mapema kuwahi nafasi ya mechi anakuta Kihindi hakijaisha. Anakaa kwa shingo upande. Baada ya nusu saa ndiye anayemuuliza jirani, huyu mama alitenganaje na mwanawe?

Ubao ule ni ratiba ya Majestic. Anayesema watu wenye ladha mbalimbali hawawezi kushiriki paa moja hajawahi kuusoma, au ameupita kwenye gari lenye vioo vyeusi.

Sasa linganisha na sinema rasmi. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3. Kumbi ni chache, na karibu zote zimejificha ndani ya maduka makubwa, kama pale Mlimani City. Fundi cherehani wa Mbagala akitaka kumpeleka mkewe na watoto wawili, ahesabu tiketi nne za elfu kumi na kitu, bisi ambazo bei yake sitaitaja nisije nikapandwa na hasira, nauli ya kwenda, na kurudi usiku kwa bajaji kwa sababu daladala zimeshapungua. Akifika huko anakuta mashujaa wa Marekani waliovaa nguo za kubana, wanazungumza Kiingereza, hakuna wa kumtafsiria. Akiamua kubaki nyumbani, mtaalamu mmoja ataandika kwamba Mtanzania hana utamaduni wa kwenda sinema.

Wanigeria walishaifanyia sinema yao mazishi kama haya. Kumbi zao zilifungwa miaka ya 1980 na 1990, nyingine zikawa makanisa. Living in Bondage ya 1992 ilienda moja kwa moja kwenye kanda za video, soko likalipuka, na ikakubalika kwamba Mnigeria ni mtu wa kutazamia sebuleni. Kisha 2004 kampuni ya Silverbird ikafungua kumbi za kisasa Lagos, na wengine wakafuata. Desemba 2023 ikatoka filamu ya Funke Akindele, A Tribe Called Judah, na wiki chache baadaye ikawa ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni 1 kwenye kumbi. Watazamaji ni walewale, na simu wanazo mfukoni. Sisemi kule ni peponi. Bei zao nazo zinalalamikiwa, na kumbi haziutoshi umma ule. Ninachosema ni kwamba walijengewa mahali pa kwenda na wakapewa kitu kinachowahusu, wakaenda.

Hata huko kwenye nchi za majumba makubwa hoja ya ladha haisimami. Julai 21, 2023, Marekani ilifungua siku moja Barbie na Oppenheimer: moja ya mwanasesere wa waridi, nyingine ya saa tatu kuhusu mtu aliyeunda bomu la atomiki. Zilitazamiwa kunyang'anyana watu. Zote mbili zikajaza kumbi, na wako waliozitazama zote siku hiyohiyo.

Simu yenyewe, inayosifiwa kwamba ndiyo imeipa kila ladha haki yake, hufanya kinyume. Tazama Wakorea wawili na programu itakuletea wa tatu, wa nne, wa mia. Haitakuletea kamwe Kihindi ambacho hakijaisha wakati unasubiri mechi.

Nilisema kauli hii inawafaa watu. Mwenye jengo inamwezesha kuuza kiwanja bila kulaumiwa, na ofisa inamwondolea kazi ya kupanga. Lakini wanaoniudhi zaidi ni baadhi ya wasanii wetu. Enzi za mwigizaji Kanumba walizoea kuuza diski. Diski zilipokufa, badala ya kudai kumbi, wakamgeukia mtazamaji na kusema ameharibiwa na mambo ya nje. Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wengi wameisoma shuleni, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto 2021. Mwalimu wa Sumbawanga aliyeifundisha riwaya hiyo miaka kumi aende kuitazama ukumbi gani? Huwezi kumhukumu mtu kwa chakula ambacho hakijawahi kufika mezani kwake.

Iko hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Vibanda vingi vinaonyesha kazi za watu bila kuwalipa, na mtengeneza filamu anayewaita wenye vibanda wezi hajakosea. Ila dawa yake haijawahi kuwa kuvamia na kubeba runinga. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976; itumike kumpa mwenye kibanda leseni nafuu, apelekewe filamu mpya ya Kitanzania kwa njia halali, na sehemu ya kila jero imfikie aliyeitengeneza. Kwa jero mia kwa siku, katika mamia ya vibanda, huyo mtengenezaji angeacha kulialia kuhusu Wakorea.

Wanaotaka kunipinga kwa vitendo nafasi wanayo. Halmashauri nyingi zina kumbi za jamii zinazojaa Jumamosi kwa sendofu na harusi, kisha katikati ya wiki zinapigwa kufuli. Zifunguliwe. Kiingilio buku mbili, karibu na kituo cha daladala, onyesho liishe kabla ya saa nne. Jumanne filamu ya Kibongo, Jumatano Kihindi, Alhamisi ya kutafsiriwa, Ijumaa alasiri kina mama na watoto. Zikikaa tupu mwaka mzima, niiteni tuzungumze habari za ladha.