Daftari la Wiki: Wachache Mtaani na Kodi ya Nyumba

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, zipo familia za Nairobi zinazofunga mizigo na kwenda kijijini, na zipo zinazohamia mitaa yenye watu wa kabila lao. Haziwezi kulaumiwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini, na huko Kibera na Mathare wapangaji walifukuzwa vyumbani kwa sababu ya kabila lao. Hata hivyo, funzo ambalo wengi wamelichukua, kwamba usalama ni kukaa na wenzako, linatupotosha. Kuwa mchache mtaani si hatari kwa asili yake. Hatari hiyo hutengenezwa na watu, kwa hiyo watu wanaweza kuizuia.

Tazama Kibera. Waliotangulia kukaa pale ni Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, lakini kwa miongo mingi waliishi bila hati, juu ya ardhi iliyohesabiwa kuwa ya serikali. Mji ulipokua, wakawa wachache katika makazi waliyoyaanzisha wenyewe. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo Wanubi wengi, na wapangaji wengi walikuwa Waluo na Waluhya. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi alipotamka kuwa kodi ipunguzwe, wapangaji waligoma kulipa na mapigano yakazuka. Ugomvi ulikuwa wa shilingi, lakini aliyedai na aliyedaiwa walikuwa wa makabila tofauti, na hapakuwa na chombo kilichoaminiwa na pande zote mbili kuamua kodi ya haki ni ipi. Hati ya jumuiya ya Wanubi, ya ekari 288, ilitolewa mwaka 2017 tu.

Kuna wanaosema kwamba watu wa makabila mengi wakikaa pamoja, kuaminiana hupungua. Ushahidi upo, ila una sura mbili. Mchumi Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, penye mchanganyiko wa makabila michango ya shule ilipungua. Meatu, upungufu huo haukuonekana. Miguel aliihusisha tofauti hiyo na siasa ya Tanzania ya kujenga taifa, tangu lugha na mitaala hadi mabaraza ya vijiji. Mtu atasema hivyo ni vijiji, na mji una mambo yake. Ni kweli, lakini mjini hoja hii, kwamba siasa na sheria ndizo huleta tofauti, inazidi kupata nguvu: mwanakijiji ana shamba lake, ilhali mpangaji anategemea sheria hata kwa mlango anaoufunga usiku.

Wengine husema kabila humfaa mgeni mjini. Humtafutia chumba na kibarua, na msiba ukitokea huchanga fedha za kumsafirisha marehemu. Ni wema mkubwa, lakini chama cha kusaidiana hukutana hata kama wanachama wamepanga mitaa kumi tofauti. Mtaa wa kabila moja humwonyesha mchochezi pa kushambulia, na haumwachi salama yule aliyeoa au kuolewa nje ya kabila, wala watoto wao.

Basi tudai yanayodaiwa kwa sheria. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za makazi inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kinachowaacha nje wapangaji wengi wa Nairobi. Kiwango hicho kipandishwe, kila malipo yawe na risiti, na kamati za usalama wa mtaa za Nyumba Kumi, zilizoanzishwa mwaka 2013 kwa mfano wa Tanzania, ziwe na wajumbe kutoka kwa wapangaji walio wachache. Mtu anayejua pa kushtaki, na kwamba atasikilizwa, hana sababu ya kuhesabu majirani wa kabila lake kabla ya kupanga chumba.